Ambedkar: mtu aliyesubiri viza ndani ya nchi yake

Wenzetu, ukitaja India kwenye kundi letu, jina la kwanza kutoka ni Gandhi. La pili labda Nehru, kwa wale waliopita darasa la historia, halafu mazungumzo yanahamia kwenye filamu. Leo tunaandika juu ya mtu wa tatu. Sanamu yake iko karibu kila mji kule India: mwanamume mwenye miwani na suti ya buluu, kitabu mkononi, kidole kimenyooshwa mbele. Anaitwa Bhimrao Ramji Ambedkar. Kitabu alichoshika ni katiba ya India, na yeye ndiye aliyeiongoza kamati iliyoiandika.

Kilichotuvuta kwake ni jina la kitabu. Aliwahi kuandika kumbukumbu fupi za maisha yake, kurasa chache tu, akazipa kichwa ambacho kwa Kiswahili ni "Kusubiri Viza". Zilichapishwa kama kijitabu mwaka 1990, zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake. Sisi tulipoona kichwa hicho tulidhani tutasoma habari za ubalozi, fomu na mahojiano. Wapi! Hakuna viza hata moja mle ndani. Kuna mtoto anayekataliwa maji ya kunywa, na msomi mwenye kazi serikalini anayefukuzwa nyumba ya wageni, yote ndani ya nchi aliyozaliwa. Ambedkar hafafanui kwa nini alichagua jina hilo. Sisi hatukuhitaji kufafanuliwa.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1891 huko Mhow, kwenye kambi ya jeshi ambako baba yake alikuwa askari wa jeshi la Waingereza. Familia yao ni ya Mahar, mojawapo ya makundi yaliyoitwa Wasioguswa, watu walio chini kabisa ya ngazi ya matabaka ya Kihindu. Siku hizi wengi wao wanajiita Dalit. Kutoguswa maana yake ni hiyo hiyo unayoisikia: mtu wa tabaka la juu akikugusa, anajiona amenajisika. Shuleni Ambedkar alikaa peke yake juu ya kipande cha gunia alichokuja nacho kutoka nyumbani. Bomba la maji hakuruhusiwa kulishika. Tarishi wa shule ndiye alimmiminia maji kutoka juu, na tarishi asipokuwepo, mtoto anashinda na kiu.

Mwaka 1901, akiwa na miaka kama kumi, alisafiri kwa treni na kaka yake na wapwa zake kumfuata baba yao aliyekuwa akifanya kazi mbali. Barua haikufika, hivyo hakuna aliyekuja kuwapokea stesheni. Walikuwa wamevaa vizuri, na mkuu wa stesheni akawahurumia akidhani ni watoto wa tabaka la juu. Waliposema wao ni Mahar, uso ulibadilika pale pale. Pesa walikuwa nazo, magari ya ng'ombe yalikuwepo, ila hakuna dereva aliyetaka kuwabeba. Mwishowe mmoja akakubali kwa nauli mara mbili, na kwa sharti kwamba watoto waendeshe wenyewe na yeye atembee kando. Walisafiri usiku wakiwa na chakula lakini bila mtu wa kuwapa maji.

Unaweza kusema: sawa, huyo alikuwa mtoto wa kijijini, elimu ingemwokoa. Alisoma. Mfalme wa Baroda alimpa ufadhili, akaenda Chuo Kikuu cha Columbia kule New York mwaka 1913, kisha London. Mwaka 1917 akarudi Baroda kulipa deni la ufadhili kwa kufanya kazi serikalini. Hakupata pa kulala. Akaingia nyumba ya wageni ya Waparsi kwa kutumia jina la Kiparsi. Siku ya kumi na moja wakaja watu kama kumi na wawili wenye fimbo, wakampa mpaka jioni awe ameondoka. Aliwaendea marafiki wawili, mmoja Mhindu, mwingine Mkristo, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya upole ya kusema hapana. Akakaa bustanini chini ya mti mpaka saa ya treni ya usiku kwenda Bombay. Tunawajua vijana wenye shahada ambao wangeweza kuandika ukurasa huu kwa kubadilisha tu jina la mji.

Miaka kumi baadaye aliacha kuomba. Baraza la jimbo la Bombay lilikuwa limeshapitisha uamuzi kwamba visima na mabwawa ya umma yawe wazi kwa watu wote, na manispaa ya mji wa Mahad ikakubali kwamba bwawa lake la Chavdar liko wazi. Kwenye karatasi, mambo safi. Lakini hakuna Mahar aliyethubutu kuchota. Tarehe 20 Machi 1927 Ambedkar akaongoza maelfu ya watu mpaka bwawani, akainama, akanywa. Wengine wakafuata. Wakapigwa vibaya siku hiyo hiyo, kisha watu wa tabaka la juu wakafanya ibada ya kulitakasa bwawa na kwenda mahakamani. Kesi iliisha mwaka 1937. Miaka 10 ya kubishania haki ya kunywa maji ambayo tayari ilishaandikwa.

Tukisoma hayo ndipo tunaelewa kwa nini baadaye, alipokabidhiwa kuandika katiba ya nchi nzima, hakuwa mtu wa kulewa maneno mazuri. Alishaona jinsi haki inavyokaa kwenye karatasi huku mtu akikaa na kiu.

Na Gandhi je? Hapa wengi wanashtuka. Hawa wawili waligongana, tena vibaya. Mwaka 1932 Waingereza walitangaza kwamba Wasioguswa watakuwa na wapiga kura wao wenyewe wa kuwachagua wawakilishi wao. Ambedkar ndicho alichokuwa akidai. Gandhi, akiwa gereza la Yerwada, akafunga kula akisema yuko tayari kufa kuliko kuona Wahindu wanagawanywa. Nchi nzima ikamgeukia Ambedkar: mtu huyu akifa, ni mkono wako. Na si yeye tu angelipizwa, bali watu wake katika vijiji ambako wao ni wachache na hawana silaha. Tarehe 24 Septemba akatia saini Mkataba wa Poona. Viti vilivyotengwa kwa ajili ya watu wake viliongezwa hadi 148 katika mabaraza ya majimbo, lakini wapiga kura wote wa eneo ndio watakaochagua nani avikalie. Yaani ukitaka kiti cha Dalit, lazima uwapendeze wasio Dalit. Wengine kati yetu wanaona alipata viti vingi, si haba. Wengine wanaona alinyang'anywa kitu kwa njia ya adabu. Ambedkar mwenyewe alilalamikia mkataba huo kwa miaka mingi, na mpango wa viti hivyo upo India mpaka leo. Katiba ilivipa miaka 10 tu, lakini Bunge limekuwa likiviongezea muda kila baada ya miaka 10, sasa mpaka 2030.

Sasa tufike sehemu inayotuhusu zaidi.

Mwaka 1946 Bunge la Katiba lilipokuwa likiundwa, chama kikubwa cha Congress hakikumtaka Ambedkar, na Bombay kwao hakupata nafasi. Aliingia kwa mlango wa Bengal, upande wa mashariki ya mbali, kwa msaada wa kiongozi wa Dalit wa huko, Jogendra Nath Mandal. Halafu ukaja mwaka 1947, India ikagawanywa, na mpaka ukapita katikati ya Bengal. Eneo lililomchagua likaangukia Pakistan. Kiti kikapotea bila yeye kushindwa uchaguzi wowote. Ramani tu ndiyo ilibadilika. Congress, ambayo sasa ilihitaji akili yake, ikamrudisha kupitia Bombay. Akawa Waziri wa Sheria wa kwanza wa India huru, na tarehe 29 Agosti 1947 akateuliwa kwenye Kamati ya Uandishi, ambayo akawa mwenyekiti wake.

Mandal yeye alibaki upande wa pili, akaamini kwamba Dalit na Waislamu, wote wakiwa wanyonge, wataishi vizuri pamoja. Akawa Waziri wa Sheria wa kwanza wa Pakistan. Fikiria hilo: nchi mbili zilizotengana kwa damu, na kila moja waziri wake wa kwanza wa sheria ni mtu kutoka kwa Wasioguswa. Mwaka 1950, baada ya machafuko ya Bengal Mashariki ambamo watu wake waliuawa na kufukuzwa, Mandal alijiuzulu na kukimbilia Kolkata. Waziri akawa mkimbizi.

Mgawanyiko ule uliwahamisha watu zaidi ya milioni 10. Treni, misafara ya miguu, mahema, kambi. Na katikati ya hayo, Desemba 1947, Ambedkar alimwandikia Nehru barua ambayo tungependa kila mfanyakazi wa misaada aisikie. Alisema mambo mawili makubwa. La kwanza, kwamba Pakistan ilikuwa inawazuia Dalit kuondoka, maana wakiondoka nani atafagia na kusafisha vyoo? Mkimbizi anazuiwa kukimbia kwa sababu kazi yake chafu inahitajika. La pili lilihusu upande wa India wenyewe. Dalit waliofanikiwa kuvuka walikuwa hawapati nafasi kwenye kambi za serikali kwa sababu maofisa wa kambi waliwabagua. Na kanuni ilikuwa kwamba mgao wa chakula na nguo ni kwa walioko kambini tu. Kwa hiyo mtu anafukuzwa kambini kwa tabaka lake, halafu ananyimwa mgao kwa sababu hayuko kambini.

Hakuna aliyeandika popote kwamba Dalit wasipewe chakula. Kanuni ilikuwa safi kabisa, ukiisoma ofisini huoni kosa. Ubaya wake uliuona ukiwa kwenye foleni. Ndugu zetu mnaoandika miongozo ya ugawaji, mtu huyu alikuwa Waziri wa Sheria na bado ilimbidi aandike barua juu ya unga na nguo.

Kazi yake nyingine wakati huo ilikuwa kuamua, kwa maneno ya sheria, nani ni raia. Vifungu vya 5 mpaka 11 vya katiba ndivyo vinavyohusu uraia, na Agosti 1949 Ambedkar aliliambia Bunge kwamba, ukiacha labda kimoja, hakuna kifungu kilichoiumiza kichwa kamati kama hiki. Waliandika rasimu baada ya rasimu. Aliyekuja kutoka Pakistan kabla ya tarehe 19 Julai 1948 anahesabiwaje? Aliyekuja baada ya hapo je? Na yule aliyekimbilia Pakistan kwa hofu, akarudi kwa kibali? Mjumbe mmoja, P. S. Deshmukh, alipendekeza njia ya mkato: kila Mhindu au Singasinga asiye raia wa nchi nyingine apewe haki ya uraia wa India. Pendekezo lilikataliwa. Vifungu vilivyopita vilimpima mtu kwa mahali alipozaliwa, wazazi wake, makazi yake na siku aliyovuka mpaka. Dini yake havikuiuliza. Na kumbuka huu ulikuwa mwaka 1949, hasira za mauaji bado mbichi, na bungeni wamekaa watu waliopoteza ndugu na mashamba.

Lakini tuseme yote. Ambedkar huyo huyo alitetea kifungu cha 11, kinacholipa Bunge nguvu ya kutunga sheria yoyote ya uraia baadaye. Mlango huo ndio uliopitiwa Desemba 2019. Sheria mpya ya uraia ikawafungulia njia ya haraka Wahindu, Masingasinga, Wabudha, Wajaini, Waparsi na Wakristo waliotoka Pakistan, Bangladesh na Afghanistan na kuingia India kabla ya mwisho wa 2014. Waislamu hawamo. Serikali inasema sheria inawalinda wachache waliokuwa wakiteswa katika nchi hizo tatu, na mateso yao ni ya kweli, hatuwezi kuyakana. Wapinzani wanasema kwa mara ya kwanza dini imeingizwa kwenye sheria ya nani awe raia. Na kilichoitisha watu zaidi ni kwamba miezi michache kabla, tarehe 31 Agosti 2019, jimbo la Assam lilitoa orodha ya raia wake na watu zaidi ya milioni 1.9 hawakuwemo. Wengi ni maskini waliozaliwa pale pale, ila herufi ya jina haikulingana kati ya karatasi moja na nyingine, au karatasi ya babu ilikwenda na mafuriko. Sisi ambao jina la mama limeandikwa kwa namna tatu kwenye hati tatu, tunajua usingizi unavyokatika.

Watu wakaingia barabarani. Huko Shaheen Bagh, Delhi, akina mama, wengi wao Waislamu, walikaa kwenye baridi zaidi ya miezi mitatu, mpaka korona ilipokuja. Walibeba picha za Ambedkar na kusoma kwa sauti utangulizi wa katiba. Hapo ndipo tulipoanza kubishana sisi wenyewe, kwa sababu Ambedkar alishasema kitu juu ya njia za namna hiyo.

Tarehe 25 Novemba 1949, siku moja kabla katiba haijapitishwa, alisimama kutoa hotuba ya kufunga kazi. Mtu mwingine angetumia nafasi hiyo kushukuru na kupongezana. Yeye alishukuru kidogo, kisha akaanza kueleza jinsi nyumba wanayomaliza kujenga inavyoweza kuanguka. Alitoa maonyo matatu.

La kwanza: tuache njia za fujo, na hata uasi wa kiraia na migomo ya aina ya Gandhi. Zilikuwa na sababu wakati milango ya sheria ilipofungwa. Mlango ukiwa wazi, njia hizo ni mwanzo wa vurugu. Baadhi yetu wanasema basi Shaheen Bagh walikosea kumbeba. Sisi tulio wengi tunajibu kwa swali: mlango uko wazi kweli? Angalia habari ya Anand Teltumbde, profesa na mwandishi, Dalit, mume wa mjukuu wa Ambedkar mwenyewe. Alishtakiwa kwa sheria ya ugaidi katika kesi ya Bhima Koregaon, mashtaka anayoyakana. Alijisalimisha tarehe 14 Aprili 2020, siku ambayo nchi nzima husherehekea kuzaliwa kwa Ambedkar. Chini ya sheria hiyo dhamana ni ngumu mno kupatikana. Alitoka kwa dhamana tarehe 26 Novemba 2022, Siku ya Katiba, baada ya miezi 31, na kesi yenyewe ilikuwa haijasikilizwa. Tarehe zote mbili zimetokea hivyo tu, wala hazihitaji maneno yetu. Onyo la Ambedkar lina sharti ndani yake, na watawala hupenda kusoma nusu ya kwanza.

Onyo la pili: msiweke uhuru wenu miguuni pa mtu mkubwa, hata awe ameifanyia nchi mema kiasi gani. Wahindi wana neno bhakti, ibada ya mapenzi ambamo mtu anajitoa mzima mzima kwa mungu wake. Ambedkar alisema katika dini bhakti inaweza kuiokoa roho, lakini katika siasa ni njia ya uhakika ya kuporomoka na kuishia kwenye udikteta. Ilichukua miaka 25 tu. Juni 1975 Waziri Mkuu Indira Gandhi alitangaza hali ya hatari, wapinzani wakafungwa, magazeti yakakaguliwa, na mwenyekiti wa chama chake akasema kwamba Indira ni India. Mwaka 1977 aliitisha uchaguzi, akashindwa, akaondoka. Hilo nalo tulihesabu: nyumba iliyumba, haikuanguka.

Leo wakosoaji wa Narendra Modi wanalitumia neno lile lile, wanawaita wafuasi wake "bhakt". Wafuasi wanajibu kwamba kumpenda kiongozi aliyechaguliwa mara tatu si dhambi. Sisi si wapiga kura wa India na hatuna chama kule. Tunachokiona ni kwamba onyo halimhusu Modi peke yake wala Indira peke yake, na sisi tunaotoka nchi zilizowahi kuwa na "baba wa taifa" asiyeondoka madarakani tunalielewa bila mkalimani. Tena kuna jambo linachekesha na kuuma: mtu aliyekataza bhakti sasa anaabudiwa. Vyama vyote, hata vile ambavyo mababu zao walimpinga waziwazi, vinamvisha maua. Katika baadhi ya maeneo sanamu zake zimewekwa ndani ya vizimba vya chuma ili zisivunjwe na watu wa matabaka mengine. Anaheshimiwa juu, anafungiwa chini.

Onyo la tatu ndilo zito, na ndilo lililotufanya tuandike. Alisema tarehe 26 Januari 1950 India itaingia kwenye maisha ya kujipinga yenyewe. Katika siasa watakuwa na usawa, mtu mmoja kura moja. Katika jamii na uchumi, ukosefu wa usawa utaendelea. Wakikaa hivyo muda mrefu, wale wanaoumia watakuja kulilipua jengo lote la demokrasia.

Upande wa kura, India iliushangaza ulimwengu. Uchaguzi wa kwanza wa 1951 hadi 1952 ulikuwa na wapiga kura waliojiandikisha milioni 173 hivi, wengi hawajui kusoma, wakatumbukiza karatasi kwenye masanduku yenye alama za picha. Kuna wanawake karibu milioni 2.8 walioondolewa kwenye orodha kwa sababu walikataa kutaja majina yao, wakajiandikisha kama "mke wa fulani" au "mama wa fulani". Hata uandikishaji una historia yake, jamani. Ambedkar mwenyewe aligombea Bombay na akashindwa. Alikuwa ameshajiuzulu uwaziri Septemba 1951, kwa uchungu, baada ya muswada wake wa kuwapa wanawake wa Kihindu haki ya talaka na urithi kukwamishwa bungeni. Mwandishi wa katiba aliangushwa na kura ambayo yeye alisaidia kumpa kila mtu, tena mara mbili, maana 1954 alijaribu tena na kushindwa. Mwaka 2024 waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 960 na waliopiga kura wakafika milioni 642. Wachambuzi wengi walisema maneno ya baadhi ya wanasiasa kuhusu kubadili katiba yaliwatisha Dalit, na kwamba hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya chama tawala kushuka mpaka viti 240 kati ya 543. Kura bado inauma.

Lakini usawa je? Pesa zinasema kwa sauti kubwa. Kwa miaka kadhaa makampuni yaliweza kununua hati maalumu benki na kuvipa vyama bila mwananchi kujua nani katoa, mpaka Mahakama ya Juu ilipozifuta tarehe 15 Februari 2024. Kuzoa kinyesi kwa mikono kumepigwa marufuku kwa sheria ya 1993 na nyingine ya 2013, na bado wanaume wanakufa ndani ya chemba za maji taka, wengi wao wa matabaka yale yale. Julai 2016 huko Una, Gujarat, vijana wa Dalit waliokuwa wanachuna ng'ombe mfu, kazi ambayo tabaka lao limeachiwa, walifungwa kwenye gari na kuchapwa hadharani, na video ikasambazwa na wapigaji wenyewe kwa majivuno. Dalit wa Gujarat walijibu kwa kuacha kubeba mizoga, na wengine wakaipeleka mpaka nje ya ofisi za serikali. Kifungu cha 17 kimefuta kutoguswa tangu 1950.

Ambedkar alichoka kusubiri mapema. Tarehe 14 Oktoba 1956 huko Nagpur aliacha Uhindu na kuwa Mbudha pamoja na mamia ya maelfu ya watu wake. Alifariki tarehe 6 Desemba mwaka huo huo.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo wenzetu wa upande wa sheria walituonyesha. India haijawahi kutia saini Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ingawa imewapokea Watibeti, Watamil wa Sri Lanka na wengine. Mkimbizi kule hana sheria yake. Lakini katiba, inapozungumzia usawa mbele ya sheria katika kifungu cha 14 na uhai na uhuru katika kifungu cha 21, haisemi "raia". Inasema "mtu". Mwaka 1996 neno hilo lilifanya kazi. Wachakma, waliokuwa wamekimbia Pakistan Mashariki miaka ya 60 na kuwekwa Arunachal Pradesh, walikuwa wakitishiwa kufukuzwa kwa nguvu. Mahakama ya Juu ikaliamuru jimbo liwalinde, kwa sababu dola inapaswa kulinda uhai wa kila mtu, awe raia au la, na maombi yao ya uraia yapelekwe yanakotakiwa.

Mwaka 2021 wakimbizi wa Rohingya waliokuwa wamezuiliwa Jammu walifika mbele ya mahakama hiyo hiyo wakiomba wasirudishwe Myanmar. Mahakama ilikubali kwamba vifungu vya 14 na 21 ni vya kila mtu. Kisha ikasema haki ya kutoondolewa nchini inafungamana na haki ya kuishi popote India, ambayo ni ya raia tu, na ikakataa kuzuia warudishwe ilimradi utaratibu ufuatwe. Wachakma wengi nao, waliolindwa mwaka 1996, bado wanasubiri uraia.